Weldi Isiyokuwemo Kwenye Mchoro

"Shangazi ameanguka jikoni," simu ilisema.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Spana alimaliza chai kwa funda moja, akachukua funguo za Land Cruiser. Hana shangazi. Katika idara yao ya usalama maneno hayo yana maana moja tu: ingia garini, usiulize.

Lori la kijivu, barabara ya machimbo, kilomita arobaini nje ya jiji. Boliti bandia zilizovushwa mpakani kama vipuri vya trekta. Taarifa ilitoka kwa mtu anayemwamini kuliko kivuli chake: kaka yake mkubwa, Mkaguzi wa vyuma.

Kaka ndiye aliyempokea akiwa na miaka saba, wazazi walipofariki. Alimlea kwenye karakana ya kuchomelea, akampa hilo jina la Spana kwa sababu alikuwa mwembamba na akishika haachii. Karakana ilikuwa na sheria moja. Kabla hujawasha moto unasema "macho", na kila aliyepo anafumba. Aliyechelewa alilala na moto machoni.

Lori lilimwona. Dereva akakanyaga mafuta.

Spana akakanyaga zaidi.

Kona ya kwanza alilikosa. Ya pili akalipita upande wa mtaro, akafunga breki mbele yake, gari likakaa kimshazari barabarani. Bastola ya Glock ilikuwa mkononi kabla vumbi halijatua.

"Shuka. Polepole, kama umebeba mayai."

Dereva alishuka, akaapa kwamba yeye ni wa kubeba tu.

Kreti sita. Spana alitoa tupa ya kukwangulia chuma kwenye begi lake la ufundi. Boliti bandia ni laini, tupa huila kama sabuni. Akaipitisha.

Iliteleza.

Akajaribu nyingine. Ikateleza vilevile. Chuma kigumu, halali kabisa. Na kila nati ilikuwa na nusu ya mstari wa njano. Mstari huo fundi huupaka kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba akishakaza, ili ikilegea ionekane. Boliti hizi zilishakazwa mahali, kisha zikafunguliwa.

Alimuuliza dereva zimetoka wapi.

"Ukumbi mpya. Tuliambiwa kreti tuzijaze mawe tu. Wakubwa wetu wakaona hasara kutupa mali nzuri."

Spana alitia boliti moja mfukoni. Kama boliti nzuri ziko hapa, kule zimewekwa zipi?

Saa nne kamili mawaziri wa nchi tatu wangevuka daraja la juu lililo ndani ya ukumbi huo kwenda kusaini mkataba wa mpaka. Kulikuwa na watu waliotaka sana mkataba huo usisainiwe.

Alimfunga dereva pingu kwenye usukani, akampigia Mkuu wa idara.

"Simamisha sherehe."

"Kaka yako amekagua asubuhi hii na amesaini," Mkuu alijibu. "Nikisimamisha mawaziri watatu kwa sababu ya kreti, kesho nachunga mbuzi. Niletee ushahidi."

Akampigia Kaka. Iliita mpaka ikakata. Maskini, aliwaza, wamemzunguka mzee wa watu.

Saa tatu na dakika arobaini na saba aliingia ukumbini kwa mlango wa mafundi. Redio ya sikioni ilikoroma, ikafa. Simu nayo haikuwa na mtandao. Alipanda mbio hadi chumba cha mitambo cha ghorofa ya kwanza, ambako mwisho wa daraja umeshikwa kwenye nguzo.

Boliti nane. Rangi ya njano mbichi, nadhifu.

Tupa iliila ya kwanza kama sabuni.

Kisha akaiona weldi, mshono wa chuma kilichochomelewa.

Ilipita kando ya bamba, nyembamba, imepakwa rangi ya nguzo. Kwenye mchoro wa daraja uliobandikwa ukutani haikuwemo. Wala haikupaswa kuwepo: boliti na weldi hazigawani mzigo. Weldi ni ngumu, haisogei, kwa hiyo inabeba yote peke yake. Ikipasuka, boliti zinapokea mzigo wote ghafla. Hizi zingekatika kama vijiti. Aliyeiweka alitaka daraja lisimame likiwa tupu, likaguliwe, lisifiwe, kisha lianguke likijaa watu.

Spana alikwangua rangi kwa ukucha. Mwisho wa weldi, mkono wa mchomeleaji ulikuwa umerudi nyuma kidogo kuziba kishimo. Kamkia kadogo, kama ka mjusi.

Aliujua mkono huo. Ndio uliomfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule.

"Nilitaka uwe mbali," sauti ilisema nyuma yake.

Kaka alisimama mlangoni, ovaroli safi, bastola mkononi.

"Lori ulilipanga wewe."

"Niliwaambia wajaze mawe. Tamaa yao imeniponza."

"Kwa nini, Kaka?"

Hakukwepa swali. Alieleza taratibu, kama alivyokuwa akieleza kazi. Miaka thelathini anachora na kukagua, sifa wanachukua wengine. Wasiotaka mkataba walimwahidi idara nzima ya ujenzi, ng'ambo, kwa jina lake mwenyewe. Akamwambia asihangaike na redio pia. Mtambo wa kuiziba uko nje, ndani ya gari lililofungwa.

Chini, milango mikubwa ilifunguliwa. Makofi. Kupitia kidirisha Spana aliona wageni wakisogea kwenye ngazi. Daraja na sakafu chini yake vilikuwa tupu. Dakika mbili, labda.

"Piga magoti, mdogo wangu. Sitaki kukuumiza."

Spana alipiga magoti. Mkono wake ulishuka kwenye begi.

"Macho," alisema.

Kaka alifumba.

Nusu sekunde tu. Miaka arobaini ya karakana haimwulizi mtu ruhusa. Alipofumbua, Spana alikuwa ameshamrukia, bastola imeruka pembeni na uso wa Kaka uko kwenye zege. Spana alimfunga kwenye bomba kwa pingu ya pili.

Kumwonya mtu hakukuwezekana tena; bora daraja lianguke kabla hawajalifikia. Akatoa Makita ya betri, mashine ya kukatia chuma. Diski ikalia.

Alikata weldi kutoka kwenye kamkia. Sentimita tano. Kumi. Iliyobaki ilichanika yenyewe, kama kitambaa. Boliti zikafuata, moja moja, kisha zote kwa pamoja.

Daraja lilianguka likiwa tupu.

Ukumbi mzima ulitikisika. Kisha vumbi, mayowe na buti za walinzi. Waziri mmoja alibaki na mguu hewani juu ya ngazi ya kwanza, hajui aushushe au aurudishe.

Kaka alikuwa ameegemea bomba, damu puani.

"Nilikuweka mbali," alisema. "Hilo lihesabu. Waambie. Nirudi karakanani, nianze upya. Mimi na wewe."

Spana alitoa mfukoni boliti moja ya lori, akaiweka mapajani mwa Kaka.

"Boliti iliyokwisha kukazwa ikafunguliwa hairudishwi kazini. Hata ionekane nzima. Nani alinifundisha?"

Kaka aliitazama boliti.

Spana alifuta mikono kwa kitambaa, akapishana na walinzi mlangoni, akashuka kwa ngazi za mafundi bila haraka. Nje, mlinzi mmoja alikuwa amevunja kioo cha gari lililofungwa na kuuzima mtambo. Redio ikafufuka sikioni.

"Spana," Mkuu aliita, akihema. "Shangazi vipi?"

Aliwasha Land Cruiser.

"Shangazi hajambo," alisema. "Ila kaka sina tena."