Saa Iliyojua Tuko Wangapi

Mimi si mwoga, nieleweke. Nimeishi kwenye lines, zile nyumba za polisi, hapa Nyeri, mume wangu Masinde akiwa koplo, na nimewahi kumfukuza mwizi kwa mwiko. Lakini saa ya mkono sivai, na asiniulize mtu kwa kicheko.

Ilikuwa mwaka wa 1965. Masinde alinunua saa kwenye mnada wa mzungu mmoja aliyekuwa anauza vyombo vyake arudi kwao. Dhahabu tupu! Kasha lake limepinda upande mmoja, kama kipande cha sabuni kilichotumika. Uso mweusi, bila namba za masaa, na chini kidirisha kidogo kinachoonyesha tano. Sisi tukadhani ni tarehe iliyokwama.

Kisha binti yetu mdogo, Nasirumbi, akashikwa na homa ya mapafu. Hata shule alikuwa hajaanza. Daktari akatupa dawa, kila baada ya masaa sita, bila kukosa. Tukawa tunaitegemea saa hiyo. Siku ya tatu, jioni, ikasimama.

"Kimbia kwa Kingori kabla hajafunga," Masinde akaniambia. "Mimi nitakaa na mtoto."

Kingori alikuwa fundi wa saa, mwenye meza yake kwenye baraza la duka la nguo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, na watu walikuwa wakifunga milango. Akaweka lenzi jichoni, akafungua mgongo wa saa.

"Mama, ndani hakuna kitu imevunjika," akasema. "Lakini hii namba... haijashikana na kitu. Hata gurudumu ya tarehe hakuna."

"Labda inatuhesabu," nikasema nikicheka. "Kwangu tuko watano. Sisi wawili na watoto watatu."

Akatoa lenzi. Hakucheka.

"Ati nini? Mama, huku watu hawahesabiwi. Ukihesabu watu wako, unaonyesha kitu mbaya pahali pa kuchukua."

"Wacha hizo, Kingori. Mimi nina mgonjwa nyum..."

Tik.

Mkono wa saa haukusonga. Kilichosonga ni kidirisha.

Nne.

Harufu ikapanda kutoka mezani... udongo mbichi, na juu yake sabuni ya maua. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Nilijua.

"Irudishe!"

"Mimi siwezi gusa hiyo kitu."

Nikainyakua. Nikashika kile kifungo cha pembeni, cha kutilia saa ufunguo, nikakizungusha kinyume. Kikakataa. Nikakaza meno. Ukucha ukavunjika, damu ikatoka. Halafu kikaanza kuzunguka, polepole, kana kwamba kuna mtu anayesukuma kutoka upande wa pili...

Tano.

Kingori alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani.

"Umerudisha nani?" akanong'ona.

"Mtoto wangu!"

"Ulimtaja jina?"

Sikuwa nimemtaja.

"Hii si ile saa ya mzungu wa mnada? Alizika msichana yake kwa shamba," akasema. "Watu wa kazi walikuwa wakimuona ameketi hapo kwa kaburi, anazungusha saa, analia."

Sikungoja zaidi. Nilikimbia na saa mkononi, nikipiga kelele jina la binti yangu barabara nzima. Nilikuwa nimechelewa, lakini nililiita tu.

Masinde alikuwa mlangoni, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mama Nasirumbi! Aliacha kupumua! Nikamfunika shuka kabisa, uso na yote... halafu akaketi! Mungu ni mkubwa!"

Nikaingia. Ndugu zake wawili walikuwa wamejibana kwenye kona, hawataki kumkaribia. Nasirumbi ameketi kitandani, mgongo umenyooka, anakula uji kwa kijiko bila kumwaga hata tone. Wangu mimi alikuwa akijipaka uji mpaka masikioni. Nikamgusa paji la uso. Homa imekwisha. Nywele zilinuka sabuni ya maua, na kwangu hatukuwa na sabuni hiyo.

Akaniangalia kwa adabu, vile mtoto humwangalia mgeni.

"Yaya," akasema, kwa sauti ya binti yangu. "Mama yangu iko wapi?"

Masinde akacheka. "Homa bado inamchanganya. Atatulia tu."

Saa ilikuwa kiganjani mwangu. Kuzungusha mara moja tu, irudi nne, na huyu ataondoka. Nilikishika kifungo. Nilikishika, wallahi. Lakini kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya gauni nililolishona kwa mikono yangu, na siku tatu nzima nilikuwa nimepiga magoti nikimwomba Mungu kifua hicho kisisimame.

"Anakuja," nikamwambia. "Maliza uji."