Kwa Nini Mikono ya Vishimo Inarukaruka?

Kila siku akitoka shule, Jibu alikuwa na utaratibu wake. Alivua sare, akaitundika nyuma ya mlango kabla mama hajapaza sauti, akanawa, akala kilichofunikwa mezani, kisha akaburuta kiti hadi pembeni mwa sebule, kati ya jokofu na cherehani, ambapo kompyuta ya baba iliwekwa. Hapo ndipo ilipokuwa ofisi yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kuhariri video.

Video zenyewe zilitoka shuleni kwa baba. Baba yake alikuwa mwalimu wa darasa la watoto viziwi, na kila muhula aliwarekodi wanafunzi wake wakisimulia hadithi kwa lugha ya alama. Jibu alikata vipande vilivyoharibika, akaunganisha vilivyo vizuri, akaandika maneno chini ya picha, halafu akasoma hadithi kwa sauti yake ili hata wasiojua alama waielewe. Yeye alama alizijua tangu utotoni. Mama yake alipenda kusimulia kwamba aliwahi kumkuta amelala fofofo, mikono inaongea peke yake.

Jibu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake darasani walimpachika kwa sababu hakuna swali lililompita. Ukimuuliza kwa nini paka hutua kwa miguu, anakujibu. Ukimuuliza kwa nini mwalimu wa hesabu amenuna leo, anakujibu. Mara nyingi alikuwa sahihi. Mara nyingine alibahatisha tu, ila alibahatisha kwa uso mkavu, hata hakuna aliyemshtukia.

Muhula huo msimulizi alikuwa msichana wa miaka tisa aliyeitwa Vishimo. Kwa lugha ya alama, jina lake lilikuwa vidole viwili vikigusa mashavu, kwa kuwa akicheka mashavu yake yaliingia ndani. Hadithi yake ilihusu kuku aliyetaga yai ndani ya kofia ya mwalimu mkuu. Vishimo aliisimulia kwa mwili mzima: alitembea kama kuku, akaketi kama kuku, kisha akawa mwalimu mkuu anayevaa kofia bila kujua kilichomo.

Lakini video ya kwanza, iliyorekodiwa kwa kamera ya zamani, ilizua ugomvi. Katika alama za darasa hilo, kuku ni mdomo mdogo wa vidole viwili, na bata ni mdomo mpana wa vidole vitatu. Picha ilikuwa na ukungu kiasi kwamba vidole havikuhesabika. Nusu ya darasa walishikilia kwamba ni kuku, nusu wakasema ni bata, wakabishana kwa mikono hadi mmoja akaangusha chupa ya maji ya jirani yake.

Ndipo baba akaazima kamera mpya kwa rafiki yake mpiga picha, wakarekodi upya. Safari hii picha ilikuwa safi ajabu. Ungeweza kuona hata kovu dogo kwenye kidole gumba cha Vishimo. Jibu alishangilia, akahamishia video zote kwenye diski ya nje, ile nyeusi ya siku zote iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, akafungua programu ya kuhariri, akabonyeza kitufe cha kuchezesha.

Video iligoma. Vishimo aliinua mkono, akaganda kama sanamu, halafu ghafla mkono ukawa upande wa pili. Kuku alikuwa sakafuni, mara yumo kofiani. Alifikaje huko, hakuna ajuaye. Jibu alizima kompyuta, akaiwasha tena. Mambo yakawa yale yale.

"Baba, kompyuta imelemewa," alisema jioni hiyo.

Baba alivua miwani, akaangalia. "Na siku ya wazazi ndiyo hiyo inakaribia," alisema. "Babu yake Vishimo amesema atakuja. Mzee yule ndiye anayemlea, lakini alama anazozijua ni 'kula', 'njoo' na 'lala' basi. Hajawahi kuelewa hadithi hata moja ya mjukuu wake." Akavaa miwani tena. "Kamati ya wazazi imekubali kutununulia kifaa kimoja cha kompyuta. Kimoja tu. Tununue nini?"

"Kumbukumbu," Jibu alijibu papo hapo. "Ile wanayoiita ram. Kaka yake rafiki yangu aliongeza kwenye kompyuta yake ya michezo, sasa inakimbia kama upepo."

"Una hakika?"

"Kabisa, baba."

Duka la kompyuta lilikuwa chumba chembamba chenye rafu hadi darini. Nyuma ya kaunta alikaa fundi, mwanamke mwenye bisibisi aliyoichomeka kwenye nywele kama kitana. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Jibu.

"Kumbe mhariri ni wewe, mdogo wangu. Hongera. Kompyuta yenu ina kumbukumbu kiasi gani sasa?"

"Gigabaiti kumi na sita, dada." Hilo alilijua kweli.

"Si haba. Na video inapokwama, umefungua ule ukurasa unaoonyesha matumizi ya kompyuta? Umeona ni kitu gani kimejaa?"

Jibu hakuwa ameufungua. Hakujua hata kama ukurasa huo upo. Lakini baba alikuwa amesimama pembeni yake, bega kwa bega, akimtazama kwa fahari, na Jibu hakutaka kusema "sijui" mbele yake.

"Nimeangalia," alisema. "Kumbukumbu ndiyo imejaa."

"Basi kama imejaa, dawa ni kuongeza," fundi alisema, akashusha kiboksi kidogo kutoka rafuni.

Nyumbani, baba alifungua kompyuta kwa uangalifu, akachomeka vile vipande viwili vyembamba mpaka vikalia "ka!" Kumbukumbu ikawa maradufu. Jibu alibonyeza kitufe cha kuchezesha. Vishimo aliinua mkono, akaganda kama sanamu.

Siku iliyofuata Vishimo mwenyewe alifika nyumbani na baba baada ya masomo, ana hamu ya kujiona. Alisimama mbele ya kioo cha kompyuta, akatazama, tabasamu likapungua taratibu. Akamgeukia Jibu, akauliza kwa mikono: "Kwa nini mikono yangu inarukaruka? Nilikosea?"

"Hapana, hukukosea," Jibu alimjibu haraka. "Kompyuta ndiyo mbaya."

Vishimo aliitikia kwa kichwa, lakini aibu ilikuwa imeshaingia machoni mwake. Aliziangalia kucha zake kana kwamba zina kasoro.

Baba naye alikuwa amekasirika, jambo lisilo la kawaida kwake. "Yule fundi ametuuzia kitu kibovu," alisema. "Fedha za wazazi hizo! Jumamosi tunabeba kompyuta nzima hadi dukani, akaniambie vizuri."

Jibu alitaka kusema ukweli. Kisha alijiambia huenda kweli vile vipande ni vibovu. Siku mbili alizunguka na maneno hayo mdomoni kama mtu aliyebugia kiazi cha moto.

Jumamosi walifika dukani, baba amekumbatia kompyuta, Jibu amebeba diski nyeusi na waya zake. Baba alianza bila hata kupumzika. "Dada, kifaa ulichotuuzia hakifanyi kazi."

Fundi aliacha alichokuwa akikifanya. "Samahani sana, Mwalimu. Niliwapa nikiamini ndicho mnachohitaji. Binti aliniambia kumbukumbu imejaa." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia kweli, si wa kujitetea. "Labda nilikosea mimi. Nitakipokea tena."

Hapo Jibu hakuweza kuvumilia tena. "Hukukosea, dada," alisema, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyotarajia. "Mimi ndiye niliyekudanganya. Sikuangalia kitu. Sikujua hata pa kuangalia. Nilisema imejaa kwa sababu... sikutaka kuonekana sijui."

Baba aliiweka kompyuta kwenye kaunta polepole. Alimtazama mwanawe, kisha akamtazama fundi. "Basi nakuomba radhi, dada. Nimekuja na hasira nisiyostahili kuileta."

"Yameisha, Mwalimu," fundi alisema. Akachomoa bisibisi kichwani, akamwelekezea Jibu kiti. "Njoo huku nyuma ya kaunta. Leo tutaangalia kweli."

Aliwasha kompyuta, akaunganisha diski nyeusi, akamwonyesha Jibu vitufe vya kufungua ule ukurasa wa matumizi. Mistari kadhaa ikaonekana, mingine mifupi, mingine mirefu. "Sasa chezesha video yako. Usitazame video. Tazama mistari, uniambie unachokiona. Usibahatishe."

Jibu alitazama. Mstari wa kumbukumbu ulipanda kidogo, ukatulia. "Kumbukumbu haijafika hata nusu," alisema. Akatazama tena. "Huu mwingine... huu wa diski umepanda hadi juu kabisa. Umegota."

"Eeeh! Sasa tunaongea. Hata kabla ya kuongeza, zile kumi na sita zilitosha kwa kazi yenu ya msimulizi mmoja na maandishi. Ingekuwa nane, ningekwambia ongeza." Fundi aliinua diski nyeusi, akaisogeza sikioni kwa Jibu. Ndani mlisikika kitu kikizunguka na kukwaruza. "Fikiria jikoni kwenu. Kumbukumbu ni meza unayokatia vitu. Diski ni stoo. Wewe umenunua meza kubwa zaidi, lakini anayeleta vitu kutoka stoo ni huyu mzee anayechechemea. Video za kamera ya zamani zilikuwa nyepesi, akamudu. Hizi za sasa ni magunia."

Baba aliangua kicheko, na Jibu naye akacheka.

"Kwa hiyo tunahitaji stoo yenye miguu," Jibu alisema.

"Ndiyo. Diski ya kasi, ile isiyo na kitu kinachozunguka, na inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe. Lakini ngoja, tusinunue kwa maneno." Fundi alichukua diski ya aina hiyo aliyokuwa akiitumia kwa majaribio, akanakili vipande viwili vya video ya Vishimo, akamwambia Jibu abonyeze.

Vishimo aliinua mkono. Mkono ukapanda, ukageuka, vidole viwili vikawa mdomo mdogo, mdomo ukadonoa, kuku akatembea hatua kwa hatua mpaka kofiani bila kuruka hata mahali pamoja. Mistari yote ilitulia. Jibu alijikuta amesimama.

Fundi alivichukua tena vile vipande vya kumbukumbu, kwa kuwa vilikuwa vizima na kiboksi chake kilikuwapo, akawabadilishia kwa diski ya kasi. Kabla hawajaondoka, alimrudishia Jibu ile nyeusi. "Usiitupe. Mzee huyu kukimbia hawezi, lakini kutunza anaweza. Kila ukimaliza kazi, weka nakala humo. Siku moja ukifuta kitu kwa bahati mbaya utanishukuru."

Jumatatu jioni, kitu cha kwanza Jibu alichofanya kilikuwa kumwita Vishimo. Alimwonyesha video, halafu akageuza kiti wakatazamana, akamwambia kwa alama, pole pole, kwamba mikono yake haikuwahi kukosea. Aliyekosea alikuwa yeye, na akaeleza namna. Vishimo alifikiri kidogo. Kisha akagusa mashavu yake, akaonyesha kioo, akafanya alama ya "safi sana", na vishimo vyake vikajitokeza.

Siku ya wazazi, ukumbi ulijaa. Babu yake Vishimo alikaa mstari wa mbele, kofia amepakata, mjukuu ubavuni pake. Taa zilipozimwa, mikono ya Vishimo ilijaa ukutani, mikubwa na angavu, na sauti ya Jibu ikaanza kusimulia. Kuku alipopanda kwenye kiti cha mwalimu mkuu, mzee alisogea mbele. Kuku alipotaga, alishika kidevu. Na mwalimu mkuu wa kwenye hadithi alipovaa kofia yake, watoto wote viziwi waliangua kicheko, na mzee naye akaangua nao, kwa wakati ule ule, hadi kofia yake ikamdondoka. Alimkumbatia Vishimo, akawa anauliza kila aliyekaa karibu, "Mmemwona? Huyu ni wangu huyu! Kumbe ana maneno namna hii!"

Watu walipokuwa wakitoka, mama mmoja alimzuia Jibu mlangoni. "Mwanangu, nasikia wewe ni mtaalamu. Simu yangu kila nikirekodi video inazima. Tatizo ni nini, niongeze nafasi?"

Jibu alihisi jibu likimjia mdomoni, tayari limevaa nguo. Akalizuia. "Bado sijui, mama," alisema. "Ngoja tuiangalie kwanza."

Wakakaa kwenye ngazi, wakaiangalia. Nafasi ilikuwa tele. Betri ndiyo iliyokuwa imechoka.

Baba, aliyekuwa akikunja waya karibu nao, alisikia yote. Walipokuwa wakirudi nyumbani, alimshika bega.

"Nikwambie kitu ninachowaambia wanafunzi wangu," alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kuharibu kazi kwa kusema hajui. Kazi huharibika pale asiyejua anaposema anajua, kwa sababu wenzake wanamwamini, nao wanakosea pamoja naye. Fundi alikuamini. Mimi nilikuamini. Vishimo aliamini mikono yake ina makosa. Ukisema kweli kwamba hujui, unampa mwenzako nafasi ya kukusaidia, na unajipa wewe mwenyewe nafasi ya kujifunza. Leo nimekusikia ukisema 'bado sijui'. Nimefurahi kuliko siku zote ulizonipa majibu."

Jibu alichukua upande mmoja wa mfuko wa waya, baba akashika upande wa pili, wakaendelea na safari yao.