Vitu Alivyoongeza Zaki

Baada ya swala ya alasiri, Ruwaida, jirani yetu wa Mkomani, alimwashia mamake, Bi Hindu, kompyuta kama kila siku. Mama hakuwa na haja ya kompyuta yenyewe. Alitaka kumwona mwanawe.

Zaki, kakake Ruwaida, alifariki kwa maradhi ya figo kabla ya Ramadhani. Katika ugonjwa wake alishikilia mchezo mmoja wa kujenga nyumba. Vitu vilivyokuja na mchezo hakuvitaka. Alipiga picha vitu vya kwao, akaviunda upya mle ndani kimoja kimoja: mlango wa nakshi, zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, hata mbuzi ya kukunia nazi. Mwisho akajitia na yeye, kijana wa kanzu anayezunguka vyumbani. Mama akimtazama akitembea, hulia kidogo, kisha hupata usingizi.

Lakini mchezo ulikuwa umezidi kuwa mzito. Kabla haujafunguka ungeweza kuivisha wali. Siku hiyo Zaki wa mchezoni alipiga hatua moja, akaganda mguu juu, na kompyuta ikazimika kwa joto.

Wakampelekea Muhdhar, fundi mwenye maneno mengi na mkono mwepesi.

"Vitu vya kuongeza vimezidi," alisema. "Mashine yabeba vyote kwa pamoja, nayo ni punda mmoja. Punguzeni, la sivyo itakufa na huyo mumkose kabisa."

"Usinifutie mwanangu," Bi Hindu alimwambia bintiye walipofika nyumbani.

"Nafuta vitu tu, mama."

Ruwaida alianza na vilivyoongezwa mwisho. Cha kwanza kilikuwa mkeka. Aliujua. Ndio walioukalia wanawake siku ya matanga. Cha pili, miwani ya mama. Ilinunuliwa mwezi uliopita. Cha tatu, ukuta wa jikoni na ule ufa ulioletwa na mvua za juzi.

Vyote viliundwa baada ya maziko.

Akampigia Muhdhar simu, akanong'ona, "Kuna mtu aliyeigusa?"

"Wallahi hapana. Hata mtandao haina."

Vilikuwa vingi. Kila siku kimoja, na siku nyingine viwili. Uzito wote ulitoka hapo.

Bi Hindu aliinamia kioo. "Ni yeye," alisema polepole. "Angali yuwatuona."

Mashine ilikuwa ikiunguruma, imepata moto tena. Ruwaida alilazimika kuchagua: vile alivyoviunda kakake akiwa hai, au hivi. Hivi alivihofu. Akavifuta vyote.

Mchezo ukafunguka papo hapo. Zaki alitembea vizuri, bila kuganda. Akaenda pale palipokuwa na mkeka, akasimama. Akaenda kwenye kidaka kilichokuwa na miwani. Hamna. Akapapasa ukuta wa jikoni. Kisha akawageukia, akatazama kwa muda, akatoka kwa mlango wa nakshi.

Mlango ukafungwa.

"Yu wapi?" mama aliuliza.

"Atarudi."

Hakurudi. Vyumba vilikuwa vyepesi, vizuri, na vitupu. Hapo ndipo Ruwaida alipofahamu kwamba kakake alikuwa akiokota vya nyumbani ili asiachwe nyuma, naye amemfukuza kama mgeni aliyechosha. Akalia kwa sauti.

Bi Hindu hakumlaumu. Alileta kahawa kwenye sinia, vikombe vitatu, kwa kuwa mkono ulikuwa umezoea kumiminia na Zaki. Akaviacha vimejaa, akaenda jikoni kuchukua tende.

Aliporudi, viwili vilikuwa vikifuka mvuke. Cha tatu kilikuwa kimefudikizwa juu ya sinia, kama afanyavyo mtu kumwambia mmiminaji kwamba ametosheka.

"Wewe umekinywa?"

"Sikugusa, mama. Wallahi."

Bi Hindu alikiinua. Ndani mlikuwa na machicha ya kahawa tu, yangali ya moto.

"Ameshaaga," alisema, akakikumbatia kifuani. Kikombe hicho hajakiosha mpaka leo.