Zamu ya Langoni

Jumanne ile haikuwa na jambo. Nilifunga shule, nikawavusha watoto barabara, nikampitia jirani yangu, Hester Pybus, langoni mwa kanisa. Ni lango la kale lenye paa la mbao. Tangu enzi za mababu jeneza hupumzishwa hapo likimsubiri kasisi.

Mumewe, Alwyn, ndiye wa mwisho kuzikwa ndani, katika uwanja wa kanisa. Baada yake makaburi yalijaa, yakafungwa. Wafu wetu sasa huzikwa mjini. Na hapa kwetu inajulikana: aliyezikwa mwisho hulinda lango, mpaka aje mwingine kumpokea zamu.

“Basi atasimama milele, Mwalimu,” alisema Bi Hester, akimimina chai kutoka chupa yake. “Na magoti yake yale!”

“Twende nyumbani, Bi Hester. Baridi hii itatuua.”

“Mtu aliyeshindwa kusimama aoshe kikombe kimoja, leo ndiye askari!” Akacheka. Kisha akakiweka kikombe cha chai juu ya ukuta, mbali nasi.

Mvuke ulipanda wima. Ukapinda, kama unaopulizwa.

Hapakuwa na upepo.

“Nilimwomba kasisi nizikwe hapa,” alinong’ona. “Kakataa. Sheria.”

“Ndiyo sheria, Bi Hester.”

“Inakataza kuzikwa. Haikatazi kufa.”

Nilidhani ni utani wake. Nikamshika mkono, nikamfikisha kwake, nikamwashia moto.

Asubuhi walimkuta langoni. Ameketi wima. Kavaa koti lake la Jumapili. Macho wazi, yakitazama barabara.

Sikulia. Nilifundisha kujumlisha na kutoa mpaka mchana.

Tulimzika mjini. Kesho yake barafu nyembamba ilitanda kijiji kizima, na kasisi akaniita nikipita.

“Mwalimu. Njoo.”

Mawe yote mbele ya lango yalikuwa meupe, isipokuwa mahali pawili. Nyayo mbili, ndogo, za viatu vya kike. Ncha zake zilielekea barabarani.

Kasisi alivua glavu, akagusa. Akaurudisha mkono upesi.

“Pana joto,” alinong’ona.

“Alwyn kapumzika, basi,” nikasema. “Na yeye atapokewa na nani?”

Kasisi alikwangua barafu kwa kiatu, akazifukia zile nyayo, akazishindilia sana. Tukaondoka kuelekea kanisani.

Nilipogeuka, kabla hatujafika mlangoni mwa kanisa, mawe ya pale penye nyayo yalikuwa wazi tena. Makavu.