Iishie Namba Nane

Saa 2:10 asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la spea, Mbalizi.

Kalinga alichora geti la ghala kwa chaki juu ya meza.

"Fuso zetu mbili zipo ndani, zimejaa kahawa. Kuingia hakuna shida, kutoka ndiyo kazi. Mlinzi anaangalia orodha. Umo, unatoka. Haumo, unalala selo."

Orodha huchapwa na makro, programu ndogo ya kompyuta ya ghala. Frida, karani wa humo, alikuwa ameandika namba za Fuso zao kwenye shiti mpya ya faili la orodha, kisha akafuta ya zamani. Makro ikagoma. Akaileta kwenye flashi kwa Severina, fundi wa kompyuta.

"Kompyuta yenyewe takataka," alisema Frida.

"Takataka ni kichwa chako," Severina alimjibu. "Makro inaita jina RUHUSA. Jina lipo, shiti lilikoelekea umeifuta. Umebomoa nyumba, unamlaumu mgeni kupotea. Nalielekeza kwenye shiti mpya. Liishie mstari gani?"

"Namba nane," alisema Kalinga.

Orodha ilikuwa na magari tisa. Saba ya ghala. La nane la Kalinga. La tisa la Didas, mdogo wake Severina.

"Na la tisa?"

"Bovu. Halitoki leo. Fanya kazi, mama."

Saa 2:35. Kalinga na Frida walitoka kuvuta sigara. Severina akapiga simu.

"Kamwene, dada."

"Didas, gari lako bovu?"

"Nani kasema? Zima kabisa. Bosi kaniambia nitangulie getini, yeye atakuwa nyuma yangu."

Akakata. Walinzi wakishamrukia Didas, nani atahangaika na Fuso ya nyuma?

Saa 2:41. Kalinga aliingia bila kugonga.

"Nione."

Severina akaiendesha makro. Kidirisha kikafunguka: *Magari yenye ruhusa: 8.*

"Ungenichezea ningejua."

"Najua, bosi."

Frida akaondoka na flashi.

Saa 3:30. Severina alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye genge la viazi. Fuso ya Didas ilifika getini. Kidole cha mlinzi kikashuka kwenye karatasi, kikasimama. Chuma cha geti kikanyanyuka.

Fuso ya Kalinga. Kidole kikashuka hadi chini. Kikarudi juu. Kikashuka tena.

Filimbi.

Simu ya Severina ikaita. Kalinga.

"Umefanya nini wewe?"

"Ulisema iishie namba nane. Imeishia nane."

Alichofanya ni kupishanisha mistari miwili ya mwisho ya orodha. Kalinga alihesabu. Hakusoma.