Masale Chini ya Pijo

Mimi ni mtu wa kinyaa. Unywele mmoja kwenye chakula unatosha kunilaza njaa, na kaka yangu Fahad amenitania kwa hilo tangu utotoni. Sasa hanitanii tena.

Jumamosi ile ya masika nilikuwa nasukuma chapati nyumbani kwetu Moshi mjini, Fahad akaja kuaga. Ni fundi wa magari ya zamani. Mzee mmoja Mholanzi, Henk, alikuwa anazunguka nchi za watu na Pijo 404 iliyomzidi mkewe umri. Alitaka Fahad amsindikize hadi Mwika, kisha yeye avuke mpaka kuingia Kenya.

"Kaka, barabara za huko juu zimeoza kwa mvua," nikamwambia.

"Na tope nalo unalionea kinyaa?" Akacheka, akachukua chapati ya moto, akaondoka.

Ya huko alinisimulia mwenyewe. Mvua iliwakuta kwenye kinjia cha kihambani, ndani ya shamba la ukoo, Pijo ikazama. Majani ya migomba waliyotia chini ya matairi yaliteleza tu. Pembeni, katikati ya mibuni, palikuwa na masale, mimea ya majani marefu, yaliyopandwa kwa duara, mashina yake marefu na magumu. Fahad akachukua panga.

"Mwanangu, hayo usiyaguse," akasema bibi mwenye shamba, Veronika, kutoka barazani kwake. "Hapo amelala baba mkwe."

Fahad ni mtu wa mjini. Alijua Wachagga huombana msamaha kwa jani la sale, lakini kaburi alizoea kuliona kwa saruji na jina. Akadhani bibi anaubania ua wake. Akakata yote. Pijo ikapanda juu ya masale, ikatoka, na tairini kukabaki utandu mweupe. Alipoufuta kwa kiganja akakuta ni mvi.

Tangu siku hiyo kila alichokula kilikuwa na mvi. Ugali. Chai. Hata maji. Nilipika mwenyewe, nikachuja mwenyewe. Akitafuna tu, anaanza kuzivuta mdomoni, ndefu, zenye utelezi, zinanuka udongo wa shimoni. Nilikuwa namshika mgongo huku nami natapika. Hospitali hawakuona kitu. Kaka yangu alikuwa anakufa kwa njaa mezani kwangu, na mimi, Mungu anisamehe, nilishindwa kumtazama.

Tukapanda Mwika na jani la sale lililofungwa fundo.

"Shikamoo, bibi. Nimekosa," Fahad akasema.

"Marahaba." Veronika akalipokea, maana jani hilo likiletwa halikataliwi. "Yarudishe masale pale alipolala baba mkwe."

Mashina yalikuwa bado yamelala kwenye tope. Tukayachomeka upya tukizunguka kaburi, maana sale hushika hata likikatwa. Bibi akapita akiyakagua, akasimama penye pengo.

"Moja halipo," akanong'ona.

Hapo Fahad akakumbuka. Henk alilichukua shina moja likae mbele ya usukani, kumbukumbu ya safari. Tukampigia simu palepale. Alikuwa Kenya, mvua inasikika nyuma yake. Akasema gari lilianza kunuka mzoga, akalitupa shina mtoni. Mto gani, hakukumbuka.

Veronika akajifuta mikono kwenye kanga. "Basi baba mkwe atajitafutia pa kulala," akasema, akaingia ndani.

Jioni hiyo Fahad alikula sahani nzima ya ndizi na nyama. Mvi hata moja haikutokea. Nililia kwa furaha, nikampakulia tena. Akamaliza, akajifuta mdomo taratibu.

"Rukia, nipe mbege."

Kaka yangu hajaonja pombe maishani mwake, sembuse mbege ya wazee wa Kichagga. Nikamwambia afungue mdomo. Kati ya meno yake meupe palikuwa na moja refu, la kahawia kama la mzee, limechongoka, na ufizi wake ulikuwa na tope.

Tumejaribu kuling'oa, halitoki. Fahad anakula vizuri, amenenepa, watu wananipongeza. Mimi ndiye ninayeosha mswaki wake kila asubuhi, na kila asubuhi una udongo.