Namba za Kwenye Pampu

Kila asubuhi, kabla ya uji, nilikuwa na kazi moja isiyosubiri. Nilitikisa pampu yangu ya pumu, nikaichomeka kwenye tundu la kitako cha chupa ya maji, nikaweka mdomo wa chupa kinywani, nikaibonyeza pampu na kuvuta pumzi taratibu. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni. Pampu ina kidirisha kinachoonyesha kwa namba mara zilizobaki za kuvuta, kuanzia 200, na kila jioni niliandika namba ile daftarini.

Daftari lilikuwa la Dakta Scolastika, mfamasia anayefundisha chuo kikuu Mwanza. Kwa miaka kumi na minne amechunguza jambo moja tu: dawa ya kuvuta inafika wapi. Siku ya kwanza alitukusanya watoto thelathini wenye pumu wa mji wetu wa Katoro.

"Dawa nyingi huishia kooni," alisema. "Nataka kujua kama chupa ya bure kama hii inaifikisha kifuani. Andikeni mnachokiona, si mnachokitaka. Atakayeandika uongo nitamtoa kwenye utafiti, maana atawaharibia wenzake wote."

Niliogopa kutolewa kuliko nilivyoogopa fimbo. Kabla Dakta hajanipa pampu ile nilikuwa nakosa shule wiki nzima, nimekaa kitandani nahema.

Aliyenitobolea chupa ni mjomba Januari, mdogo wake mama. Anafanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na hurudi nyumbani kwetu na vumbi la kijivu mpaka kwenye kope. Yeye na wenzake hunywa maziwa kila jioni, wakiamini yanaosha vumbi kifuani. Nilimpenda sana mjomba. Ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipozidiwa.

Wiki ya pili namba zilinichanganya. Asubuhi niliacha pampu ikisoma 146. Jioni nilipoichukua tena nikakuta 140. Nikamwonyesha mjomba.

"Vitu vya mashine hivi, namba hurukaruka," alisema. "Piga hesabu yako, andika inayotakiwa kuwa. Usimsumbue daktari wa watu."

Nikavuta dawa yangu ya jioni, nikaandika 144. Nani angemshuku mjomba? Namba ziliruka tena na tena, nami nikaandika hivyo hivyo mpaka mwezi ukaisha.

Siku Dakta aliporudi Katoro, mama alikuwa sokoni na dagaa wake, hivyo mjomba alinisindikiza zahanati. Nilimwamkia Dakta shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akalitazama daftari na kuitazama pampu.

"Mbuke, umeandika themanini. Pampu inasema kumi na nne."

Nilimgeukia mjomba, nikisubiri aseme lile la namba kurukaruka. Mjomba alitazama viatu vyake.

"Watoto hawa, Dakta," akasema. "Wanachezea vitu."

Nilihisi nimeuzwa, na aliyeniuza ni mtu niliyekuwa tayari kumtetea kwa yeyote. Bibi husema kikulacho ki nguoni mwako. Siku zote nilidhani anasema habari za chawa.

"Sijachezea," nilisema, machozi yakinilenga. "Lakini nimeandika uongo. Niliona namba zikishuka, nikaandika alivyoniambia mjomba."

"Mimi?" akasema mjomba.

Dakta hakubishana naye. Alifungua kifuniko cha pampu, akapitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa pampu. Kitambaa kikatoka na vumbi la kijivu. Akakiweka mezani mbele ya mjomba.

"Mtoto huvuta dawa akiwa nyumbani, tena kwa chupa. Vumbi hili la mawe limefikaje humu?"

Mjomba alikohoa kwa muda mrefu kabla ya kujibu. "Maziwa hayanisaidii tena, Dakta. Nikaona mtoto anavuta, analala vizuri. Akiwa shule nikawa naenda nayo kazini. Tulivuta watatu, kila mtu mara mbili. Nikaona aibu kusema."

"Ukaona afadhali mtoto aitwe mwongo."

Mjomba alikikunja kitambaa kile polepole.

"Maziwa huenda tumboni, Januari, hayafiki kwenye mapafu," Dakta aliendelea kwa upole. "Na pampu hii si ufagio wa vumbi la mawe. Kesho nenda hospitali wakupige picha ya kifua, na wenzako pia. Mkisaga, mlowanishe mawe na mvae barakoa."

Kisha akanigeukia. "Nilipokuwa mwanafunzi, mwenzangu niliyempenda kama dada alibadilisha namba za utafiti wetu ili zipendeze. Nami nikaweka sahihi bila kutazama. Kazi ya miaka miwili ikatupwa. Niliumia kama wewe leo, lakini sahihi ilikuwa yangu. Dawa isiyofika kifuani haiponyi, mwanangu, hata daftari likisema imefika. Mpende mtu na umheshimu, ila usimwazime mkono wako aandikie uongo."

Aliufuta mwezi wangu wote kwa mstari mwekundu, akaandika sababu pembeni. Hakunitoa, kwa kuwa nilisema ukweli mwenyewe. Akanipa pampu mpya.

Njiani mjomba alitaka kunibebea mfuko, nikakataa.

"Nisamehe, Mbuke," alisema.

"Nimekusamehe, mjomba," nilijibu. Ilikuwa kweli, ila moyo bado uliniuma.

Jioni ile nilivuta mara mbili. Mjomba akaishika pampu, akasoma kidirisha kwa sauti ili anisaidie. "Mia moja tisini na nane."

Nikamnyooshea mkono anipe. Nikatazama mwenyewe, ndipo nikaandika.